Kelele zikimzidi konda wa kichwani

Wiki hii mniwie radhi, habari za mapenzi na viwalo tunaziweka pembeni kidogo. Nina jambo la watoto. Na wewe kijana usikimbilie ukurasa wa michezo kwa kuwa eti bado hujaoa. Katika nyumba zetu hizi za kupanga, nani hana mdogo wake, mpwa, binamu au mtoto wa jirani anayeshinda kibarazani kwake?

Naanza na daladala. Umewahi kumwangalia konda wa daladala la jioni, lile linalotoka Kariakoo limejaa mpaka watu wananing'inia mlangoni, jinsi anavyochapa kazi? Watu wanamtukana sana yule bwana, lakini mimi namkubali. Hana daftari wala kalamu. Kichwani anajua nani kalipa na nani anajifanya kasinzia, yule mama mwenye kapu la samaki anashuka sokoni, mwanafunzi wa nyuma anadai chenji yake, na kituo cha mbele kuna trafiki, kwa hiyo wanaoning'inia waingie ndani haraka. Abiria akimtolea maneno ya shombo anameza mate, maana abiria ni hela. Foleni ikiziba barabara anagonga bodi, anamwelekeza dereva apenye uchochoroni, na palepale anaanza kupanga upya nani ashushwe wapi.

Basi bwana, kila mtu ana konda wake kichwani. Anakaa hapo mbele, nyuma ya paji la uso. Wataalamu wana majina yao marefu, wanasema ni kazi za utendaji za ubongo. Mama mmoja bingwa wa mambo haya, Adele Diamond wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada, aliandika mwaka 2013 kwamba ukizichambua unapata tatu za msingi: kushika jambo kichwani huku unalifanyia kazi, kujizuia, na kubadili mwelekeo mambo yakibadilika. Chenji, matusi na uchochoro, umeona? Kupanga mambo na kutatua matatizo kunajengwa juu ya hizo tatu.

Mtoto hazaliwi na konda mzoefu. Anazaliwa na deiwaka. Mwaka 1996 Philip Zelazo na wenzake walichapisha matokeo ya mchezo mmoja wa kadi ambao mpaka leo unatumika kuwapima watoto. Mtoto anapewa kadi zenye picha za aina mbili na rangi mbili. Kwanza anaambiwa azipange kwa rangi. Anapanga safi kabisa. Halafu anaambiwa, haya, sasa mchezo umebadilika, panga kwa picha. Mtoto wa miaka 3 anaendelea kupanga kwa rangi kama hakusikia. Kinachoshangaza ni kwamba ukimuuliza sheria mpya inasemaje anakujibu bila kukosea, kisha mkono wake unarudia ileile ya zamani. Akikaribia miaka 5 wengi wanaweza.

Kijimchezo hicho kimenifundisha kwamba kuijua sheria ni kitu kimoja na kuifuata ni kitu kingine. Kila nikisikia mzazi anafoka "Si anajua huyu! Anafanya makusudi!" huwa namkumbuka mtoto wa kadi. Na konda huyu hakomai upesi, ile sehemu ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka mtu amevuka miaka 20 na ushee. Maana yake wengi wetu tunaosoma ukurasa huu bado tunaendeshwa na deiwaka. Ndiyo maana pesa ya kodi inaishia kwenye raba mpya.

Sasa nije kwa dogo.

Dogo ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 8, yuko darasa la pili. Dada anauza duka Kariakoo anarudi usiku, shemeji ni dereva wa lori, wiki yuko huku wiki yuko Tunduma. Mimi kazi yangu ni hii ya kuandika, naifanyia nyumbani, kwa hiyo mchana wote dogo yuko mikononi mwangu. Kwa tabia huyu mtoto hana ubaya. Anachekesha, anajua majina ya wachezaji wote wa Simba na Yanga, na ukimpa redio mbovu anaifungua na kuifunga tena. Lakini shuleni alishakuwa kasheshe. Dada aliitwa mara tatu kwa muhula mmoja. Hatulii kwenye dawati, hamalizi kuandika ubaoni, ukimtuma chaki anarudi mikono mitupu. Mwalimu mmoja akasema mbele yake mwenyewe, "Mama, huyu mwanao kichwa kigumu, labda akariri darasa." Fimbo zilikuwa za kawaida, hata hazihesabiwi.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Shemeji alisema bakora hazijatosha. Jirani mmoja, mama mtu mzima tunayemheshimu sana, akamnong'oneza dada kwamba mtoto kachezewa na kuna fundi Bagamoyo anasafisha. Dada wa watu akawa analia usiku, mchana anatabasamu dukani kwa watu.

Mimi sina elimu kubwa, niliishia kidato cha nne. Ila nina tabia ya kuandika kila kitu, hiyo ndiyo inayonilisha. Nikachukua daftari la kurasa 40 nikawa naandika kila siku dogo kakosea saa ngapi na kafaulu saa ngapi. Wiki tatu nzima. Mtihani wangu ulikuwa wa kishamba tu: namtuma mambo matatu kwa mpigo. "Kanunue sukari robo, pitia kwa mama wa nyumba ya pili mwambie ndoo yake ipo, ukirudi funga geti." Dogo akirudi na yote matatu naweka vema. Akirudi na sukari peke yake naandika sukari.

Nyumba yetu, kwa msiojua, imepakana na fundi wa kuchomelea mageti. Ile grenda yake ikianza kukata chuma unasikia mpaka kwenye meno. Upande wa pili ni baa, Ijumaa inafungulia muziki saa kumi jioni na spika zinaelekea ukutani kwetu. Nilipofungua daftari baada ya wiki tatu, jambo lilikuwa wazi kama mchana. Asubuhi kabla fundi hajafungua, vema zimejipanga. Saa za grenda, sukari, sukari, sukari. Ijumaa jioni hata sukari hakuna, anarudi kasahau hata alikotumwa, kaziba masikio. Na kuna usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima, baa kimya, televisheni kimya, watu wamekaa nje wanapunga upepo. Usiku huo dogo alifanya hesabu zake zote kwa mwanga wa simu, akatumwa dukani mara mbili, akarudi na kila kitu, na chenji juu.

Halafu kulikuwa na mambo ya shati. Sare yake mpya ina kile kitambaa kidogo cha nembo nyuma ya shingo. "Anko, shati linaniuma." Kila siku. Anakunja shingo kama kuku aliyeloa. Soksi lazima mshono ukae juu ya vidole siyo chini. Mlenda hali, siyo kwa ladha, anasema unamtembea mdomoni. Lakini mtoto huyohuyo anapenda kubanwa. Usiku anataka alaliwe na mto mkubwa, na ukimpa ndoo ya maji aibebe anaibeba anaimba.

Nikaanza kusomasoma. Kumbe haya yana mwenyewe. Alikuwa anaitwa A. Jean Ayres, Mmarekani wa California aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki 1988, mtaalamu wa ile tiba inayomfundisha mtu kumudu shughuli zake za kila siku, hapa kwetu wanaiita tiba kwa vitendo. Mwaka 1972 alitoa kitabu akieleza kwamba kuna watoto ambao macho yao mazima, masikio yao mazima, ila ubongo unapata taabu kupanga taarifa zinazoingia. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Ayres alitilia mkazo miwili ambayo mwalimu wangu hakuigusa: ule wa msawazo, uliomo ndani kabisa ya sikio, unaokuambia umesimama au umeinama, na ule wa misuli na viungo, unaokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho.

Baadaye mama mwingine, Winnie Dunn, mwaka 1999 alitoa dodoso la kuwapima watoto kwa namna wanavyopokea mambo hayo. Kuna wanaoudhika na kitu kidogo. Kuna wanaokimbia, yaani wanajipangia maisha ili wasikutane na kinachowaudhi. Kuna wanaokitafuta kwa nguvu, hao ndio wanaojigonga ukutani na kutafuna kola. Na kuna ambao usipowapigia kengele kubwa hawajui kama kuna kitu.

Hao wa mwisho nawaonea huruma kupita wote, maana hakuna anayewaona. Kwa jirani yetu kuna binti wa miaka 7, kila mtu anamsifu mpole, mtulivu, hana makuu. Mwite mara nne ndiyo ageuke. Shuleni hagombani na mtu, hatoroki, na hajui kusoma. Dogo wetu kwa kuwa anasumbua angalau ameitiwa mzazi. Yule binti atamaliza darasa la pili hivyohivyo anasifiwa upole.

Sasa konda anaingiaje humu? Hebu fanya hivi. Hapo ulipo umevaa nguo. Mpaka dakika hii ulikuwa umeisahau ngozini, nimekukumbusha mimi. Ubongo wako uliipokea asubuhi ukaona haina jipya, ukaizimisha. Mtoto kama dogo nembo ya shati haizimiki. Saa mbili asubuhi inapiga kelele, saa tano inapiga kelele, saa nane inapiga kelele. Na anayetumwa kuinyamazisha ni konda yuleyule aliyetakiwa kukumbuka sentensi ya ubaoni. Mtoto mwenzake anatumia konda wake wote kwa hesabu. Dogo anatumia nusu kupigana na shati, robo kupigana na watoto 90 wanaoburuta madawati, na kilichobaki ndicho mwalimu anakiita kichwa kigumu.

Na hata bila ngozi nyepesi, watoto wote wako nyuma yetu kwenye jambo hili. Mtu mzima akikosa neno moja kwenye kelele anajazia mwenyewe, kwa sababu lugha anaijua na konda wake ni mzoefu. Mtoto hawezi kujazia neno ambalo ndiyo kwanza analifundishwa. Mwalimu anaamini kasema. Mtoto kasikia nusu.

Ukidhani ni hadithi za vijana wa mjini, twende New York. Huko kulikuwa na shule ya msingi upande mmoja wake umepakana na reli ya juu, treni inapita kila baada ya dakika chache, mwalimu ananyamaza mpaka ipite. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft alipata habari kwa mwanafunzi wake wa chuo ambaye mtoto wake alikuwa anasoma pale. Akaenda kulinganisha madarasa ya upande wa reli na yale ya upande mwingine. Shule ileile. Mwaka 1975 yeye na mwenzake wakachapisha: watoto wa upande wa kelele walikuwa nyuma katika kusoma, na kufikia darasa la sita walikuwa wameachwa karibu mwaka mzima. Mama yule hakuishia hapo, alipiga kelele zake mwenyewe. Wenye treni wakaweka mipira chini ya reli, wenye shule wakaweka dari za kunyonya sauti. Mwaka 1981 akatoa matokeo mengine. Tofauti ilikuwa imekwisha. Hakuna mtoto aliyebadilishwa kichwa pale, walibadilisha dari na reli.

Munich, Ujerumani, nako mwaka 1992 walifunga uwanja wa ndege wa zamani wakafungua mpya mahali pengine. Watafiti walikuwa wamejiandaa mapema, wakawapima watoto wa pande zote mbili kabla na baada. Matokeo yalitoka 2002. Wa jirani na uwanja uliofungwa, kumbukumbu na kusoma vikapanda. Wa jirani na uwanja mpya, vikashuka.

Na siyo masikio tu. Mwaka 2014 kule Pittsburgh, Marekani, Anna Fisher na wenzake waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba chenye kuta zilizojaa mapicha na mabango, na katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapicha walipata wastani wa asilimia 42 ya maswali, kwenye kuta tupu asilimia 55. Nikifikiria zile shule za watoto wadogo zilizochorwa katuni kila ukuta mpaka chooni, na ada juu, nacheka peke yangu.

Kuna kitu cha tatu, ndicho kinachoniuma. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu akiwa kwenye hofu asiyoweza kuidhibiti, hata hofu ya kawaida tu, ile sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayozimika kwanza. Zinazoshika usukani ni sehemu za ndani za zamani, zile za kukimbia au kupigana. Sasa piga hesabu. Mtoto kasahau kwa sababu konda wake kazidiwa. Unamchapa ili akumbuke. Kwa kumchapa umemteremsha konda kabisa, gari linakwenda bila mtu mlangoni. Kesho akiiona fimbo tu, konda anaruka mwenyewe. Walimu najua mtaninunia, darasa la watoto 90 si mchezo na mshahara nao ni uleule. Ila hesabu ndiyo hiyo.

Hata hivyo msije mkamtoa kila mtoto mtukutu mkasema ni milango ya fahamu, anko wa gazetini kasema. Mtoto asiyesikia inawezekana hasikii kweli, ana usaha masikioni, mpeleke akapimwe. Asiyenakili ubaoni inawezekana haoni. Aliyekwenda shule bila chai hana konda wala dereva. Aliyelala saa sita kwa ajili ya tamthilia, hivyohivyo. Na kuna watoto wenye usonji au tatizo la umakini linalohitaji daktari hasa. Madaktari wa Marekani mwaka 2013, walipotoa upya kitabu chao cha kutambua magonjwa ya akili, waliongeza mambo haya ya kuudhika na sauti na nguo kama moja ya dalili za usonji, lakini tatizo la milango ya fahamu likisimama peke yake hawakulipa jina la ugonjwa. Mwaka mmoja kabla yake chama cha madaktari wa watoto wa huko nacho kilikuwa kimewashauri wanachama wake wasilitumie kama ugonjwa unaojitegemea.

Tiba yenyewe ya Ayres, ya kubembea na kujibiringisha na kusukuma vitu vizito, wataalamu bado wanabishana. Marekani mwaka 2014 kuna utafiti mdogo wa watoto wenye usonji uliotoa matokeo mazuri kwenye malengo ambayo wazazi walijiwekea. Uingereza mwaka 2022 ulitoka mkubwa zaidi, watoto 138, tiba hiyo haikuonekana kuzidi huduma za kawaida. Kwa hiyo ukikutana na mtu kwenye Instagram anakuuzia blanketi zito la kutuliza watoto, kwa Dar es Salaam hii, joto hili la Januari, mwambie alilalie yeye kwanza.

Mimi sikununua kitu. Wembe wa shilingi chache ulitoa nembo ya shati. Sare mpya dada anaifua mara tatu nne kabla haijavaliwa, inalainika. Mambo matatu kwa mpigo nimeacha, namtuma moja, akirudi la pili. Kazi za shule tumezihamishia alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mtaa umelala, na kabla hajakaa anabeba ndoo mbili kutoka bombani. Kwamba ndoo zinamtuliza sina utafiti nao, ninao ukuta wa choo uliojaa maji na mtoto anayekaa chini dakika 20 bila kunyanyuka. Zamani tano zilikuwa nyingi.

Na jioni nje, rede. Watoto wa siku hizi wanaikimbia kwa ajili ya simu, lakini hebu itazame vizuri. Uko katikati, wawili wanakurushia mpira kutoka pande mbili, wewe unatakiwa ujaze chupa mchanga. Unajaza, unakwepa, unarudi kwenye chupa, unakumbuka umefika wapi, na usipojizuia tamaa ya kuongeza konzi moja unapigwa. Mwili wote upo kazini na konda yupo kazini, na hakuna anayekuchapa ukikosea, unatoka tu unasubiri zamu. Adele Diamond huyo niliyemtaja siku zote anasema konda anakua kwa kutumiwa, na mtoto akiwa na furaha anamtumia vizuri zaidi. Dogo kwenye rede mwanzo alikuwa anatolewa wa kwanza. Siku hizi wanamgombania kwenye timu.

Shuleni kazi ilikuwa ngumu. Dada aliogopa kwenda, nikaenda naye, nimebeba daftari langu kama wakili. Mwalimu wa kichwa kigumu hakutaka hata kulifungua. Aliyelifungua ni ticha mmoja kijana, ndiyo kwanza ametoka chuo, akalisoma lote amesimama kwenye korido. Akasema, "Kaka, mimi darasani siwezi kuzima kelele. Ninachoweza ni kumtoa dirishani." Dirisha lile linatazama barabara. Akamleta mbele, mkabala na ubao, mgongo kwa wenzake. Kwenye fimbo alisema atajitahidi, na mpaka leo naona anajitahidi.

Sitawadanganya kwamba dogo amekuwa wa kwanza. Anasoma ukurasa mzima sasa, kwa kidole, anasimama kwenye maneno marefu. Imla bado inamtoa jasho, maana imla ni kushika neno kichwani huku unaandika lile lililotangulia na jirani anakukuna kiwiko. Habari ya kukariri darasa haijafutwa, wamesema wataangalia mtihani wa mwisho wa mwaka. Habari ya Bagamoyo imekufa yenyewe. Shemeji aliporudi safari tulimweleza, akasikiliza, hakusema ndiyo hakusema hapana. Lakini kuna usiku alikuwa anaangalia mpira, dogo yuko pembeni na kitabu, nikaona shemeji ananyanyua rimoti anaondoa sauti. Akaangalia mpira bubu mpaka dakika ya 90. Mtu wa Yanga yule!

Iliyobaki ni baa. Sheria ipo, nchi hii ina kanuni za kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Tumekwenda serikali ya mtaa sisi wapangaji sita na barua. Tumeahidiwa kikao. Mwenye baa alitupungia mkono wakati tunapita, ni mtu mchangamfu sana na ndiye mwenye nyumba yetu, kwa hiyo kikao chenyewe kitakuwa cha aina yake, nitawapa habari.

Kwa sasa Ijumaa ikifika saa tisa tunahama. Tunavuka na pantoni kwenda kwa bibi yake Kigamboni, kule kuna mnazi, kuku na upepo. Begi la madaftari analibeba mwenyewe mgongoni, anataka liwe zito. Pantoni likipiga honi anaziba masikio yote mawili, anafumba na macho, anasubiri iishe. Ikiisha anafungua jicho moja, ananiuliza, "Anko, chenji ya karanga ulichukua?"